Gasketi za manifoldi kwenye pikapu ya dizeli: dalili, chanzo na namna ya kubadilisha

Manifoldi ni bomba lenye matawi lililofungwa kwenye silinda hedi, kichwa cha injini: ya inteki inaingiza hewa, ya ekzosi inatoa moshi. Gasketi ni kizibo chembamba kinachobanwa katikati ya vyuma hivyo. Malalamiko kuhusu gasketi za manifoldi ni machache na yanajirudia. Injini inapiga tiki-tiki asubuhi, ikipata moto inanyamaza. Moshi unanuka ndani ya kebini. Gari halipandi mlima kama zamani. Kuna mluzi ukikanyaga mafuta. Na lile linaloumiza mfuko kuliko yote: gasketi imebadilishwa juzijuzi tu, na sasa imeungua tena.

Ninazungumzia hasa pikapu zilizojaa barabarani kwetu: Hilux za injini 2L, 3L na 5L zisizo na turbo, Hilux za D-4D, yaani zenye turbo na reli ya dizeli ya presha kubwa, za injini 2KD (cc 2,494) na 1KD (cc 2,982), na Land Cruiser pikapu yenye 1HZ, silinda sita, lita 4.2. Mwenye Isuzu, Navara au L200 atafuata njia hiihii, ila vipimo vya kukazia nati avichukue kwenye kitabu cha injini yake.

Gasketi ya ekzosi haifi yenyewe. Moshi unaotoka kwenye silinda injini ikivuta mzigo hufikia nyuzi joto 600 hadi 700 za Selsiasi. Manifoldi ya chuma cha kumimina yenye urefu wa nusu mita, joto lake likipanda kwa nyuzi 500, inarefuka kati ya milimita 2 na 3. Silinda hedi iliyoshikana nayo inapozwa na maji, kwa hiyo hairefuki kiasi hicho. Gasketi imekaa katikati ya vyuma hivyo viwili vinavyosuguana kila safari, na imetengenezwa kuvumilia hilo kwa miaka. Ikifa mapema, kuna kitu kilichoiua: nati iliyolegea, stadi (boliti isiyo na kichwa inayoshika nati) iliyokatika, manifoldi iliyopinda, au bomba linaloning'inia bila kushikwa. Ukibadilisha gasketi bila kukitafuta kitu hicho, umenunua muda tu.

Kabla ya kugusa chochote

Kazi yote ya kukaza na kufungua hufanywa injini ikiwa imepoa kabisa, si vuguvugu. Ukaguzi wa kusikiliza unahitaji injini iwake, basi iwashe mahali pa wazi, si ndani ya banda lililofungwa. Kunja mikono ya shati, vua tai, kanga au skafu, na uwe mbali na feni na mikanda.

Kuna mazoea yametoka kwenye magari ya petroli: kupuliza spreyi ya kuwashia injini au ya kusafishia kabureta kwenye maungio ya inteki ili kusikia kama mzunguko wa injini utabadilika. Kwenye dizeli usifanye hivyo. Hewa ya dizeli haina kizuizi kama cha petroli, na chochote kinachowaka kikiingia kwenye inteki kinageuka kuwa mafuta ya ziada ambayo pampu haina mamlaka nayo. Injini inaweza kukimbia ovyo, au spreyi ikalipuka ndani ya silinda ilipokutana na hita plagi, ile plagi ya kupasha moto wakati wa kuwasha. Maji ya sabuni yanatosha.

Dalili ya kwanza: tiki-tiki au puf-puf injini ikiwa baridi

Hii ndiyo inayoletwa mara nyingi zaidi. Mlio unafuata mzunguko wa injini, unakuwa mkali ukikanyaga mafuta, na baada ya dakika kumi hivi unapungua au unapotea. Unapotea kwa sababu chuma kimetanuka na kuziba ule mwanya. Wengi wakisikia umepotea wanaridhika. Mwanya upo palepale, na kila asubuhi moshi wa moto unapita humo ukila uso wa hedi.

Sababu, kuanzia inayotokea sana:

1. Nati zimelegea au stadi imekatika, hasa zile za mwisho wa manifoldi, mbele na nyuma kabisa. Manifoldi hutanuka kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa hiyo stadi za mwisho ndizo zinazosukumwa zaidi. Ya nyuma kabisa, karibu na ukuta wa kebini, ndiyo isiyoonekana, na mara nyingi ndiyo iliyokatika.
2. Gasketi imeungua upande mmoja.
3. Manifoldi imepinda.
4. Manifoldi ina ufa, mara nyingi kati ya mlango (tundu la moshi la silinda) mmoja na mwingine au kwenye shingo inayokaa turbo.
5. Si manifoldi kabisa: ni tapeti (vyuma vinavyosukuma valvu), au nozeli (kinyunyizio cha dizeli) inayovuja kwenye kikalio chake.

Anza na macho. Toa bati la kuzuia joto, chukua tochi na kioo kidogo, fuata mstari wa maungio kutoka mlango wa kwanza hadi wa mwisho. Dizeli ina ukarimu mmoja: panapovuja pana masizi. Utaona alama nyeusi, kavu, imeanzia kwenye ukingo wa gasketi na kutawanyika juu ya hedi kuelekea nje. Ukiipangusa kwa kidole inatoka vumbi laini jeusi. Ikiwa nyeusi lakini ina unyevu na inanata, hiyo ni oili iliyoshuka kutoka kwenye kava la valvu ikaungua, na ni tatizo jingine.

Pili, masikio. Chukua kipande cha mpira wa maji, kama mita moja, weka ncha moja sikioni na nyingine ipitishe taratibu kando ya kila mlango injini ikiwa imewashwa punde. Mlio unaruka ghafla ukifika penyewe. Ndani ya dakika ile ya kwanza, kabla chuma hakijapata moto, unaweza pia kupitisha kiganja kwa umbali wa sentimita kumi hivi, uhisi pumzi inayopiga kwa vipindi. Usikiguse chuma, na dakika hiyo ikipita usijaribu tena.

Tatu, spana. Injini ikiwa ya baridi, pitia kila nati kwa spana ya duara. Huikazi kwa nguvu, unaipima. Nati iliyolegea robo duru ikaenda na kushika, hiyo ni habari njema. Nati inayozunguka bila kushika chochote ina maana stadi imekatika ndani au meno yamekwisha, na hapo kukaza hakusaidii.

Kama hujapata jibu, fanya kipimo cha upepo. Injini imezimwa na imepoa. Funga kitambaa kwenye ncha ya bomba la moshi, ingiza mpira wa upepo wa wajaza matairi, na uachie presha ndogo sana. Msaidizi apulize maji ya sabuni kwenye maungio yote: manifoldi na hedi, manifoldi na turbo, turbo na bomba la mbele. Povu litatokea panapovuja. Kipimo hiki kinaonyesha hata ufa ambao jicho haliuoni.

Sasa namna ya kutofautisha. Tapeti hazinyamazi injini ikipata moto, na mlio wake uko juu, chini ya kava la valvu. Nozeli inayovuja kwenye kikalio hutoa puf-puf inayofanana mno na ya gasketi. Kwenye 2L, 3L, 5L na 1HZ nozeli unaiona kwa macho, na ikivuja utakuta pembeni yake kaboni nyeusi ngumu. Kwenye 1KD na 2KD jambo ni zito zaidi, kwa sababu moshi wa kikalio kilichovuja unaingia ndani ya injini, unachafua oili, na ile kaboni inakwenda kuziba chujio linalofyonza oili chini kwenye sampu, karai la oili. Injini nyingi za KD zimekufa kwa kukosa oili kwa njia hiyo, huku mwenye gari akiambiwa ni gasketi ya manifoldi. Ukisikia puf-puf kwenye D-4D, manifoldi haina masizi, na ukifungua kifuniko cha kuwekea oili pumzi inapiga kwa nguvu, acha kuendesha gari na mtafute fundi anayezijua injini hizo.

Mafundi wana njia ya kulegeza nati ya bomba la nozeli moja moja ili kujua silinda ipi ina mlio. Kwenye pampu za zamani za 2L hadi 5L na 1HZ njia hiyo inafanya kazi. Kwenye D-4D ni marufuku. Presha ya dizeli kwenye reli inavuka baa 1,000, na mchirizi wake unapenya ngozi bila kuacha jeraha la maana juu, huku ndani nyama ikioza. Aliyepatwa na hilo aende hospitali saa hiyohiyo, hata kama haoni maumivu.

Dalili ya pili: moshi unanuka ndani ya kebini

Hili lisichukuliwe kama kero. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, IARC, liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kuna pia kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Dereva anayeumwa kichwa kila safari na kupata nafuu akishuka ana sababu ya kutosha ya kusimamisha gari. Fungua vioo vyote, na usilale ndani ya gari injini ikiunguruma, hata kwa nusu saa, hata kama nje kuna mbu.

Kabla ya kufungua boneti jiulize moshi unaingilia wapi. Pikapu yenye kanopi au turubai ina tabia yake: gari likikimbia, hewa ya nyuma inajikunja na kurudisha moshi wa bomba la nyuma, kisha unapitia dirisha dogo la nyuma ya kiti. Funga dirisha hilo vizuri, endesha kilomita chache. Harufu ikipotea, shida ni bomba la nyuma kuwa fupi au kukatwa, wala si gasketi.

Ikiwa harufu inakuja zaidi gari likiwa limesimama kwenye foleni, na zaidi ukifungua feni ya kebini, basi inatoka chini ya boneti. Kagua manifoldi kama ilivyoelezwa, halafu gasketi ya bomba la mbele na sehemu ya bomba inayonyumbulika. Halafu geukia ukuta kati ya injini na kebini. Kila waya, kebo na bomba linalopita hapo lina raba yake, na magari yaliyofungwa redio, king'amuzi au kiyoyozi cha kuongezwa huwa na matundu yaliyoachwa wazi. Kuziba matundu ni lazima, lakini hakuchukui nafasi ya kuziba panapovuja.

Dalili ya tatu: nguvu zimepungua na moshi mweusi umeongezeka

Hapa pana hukumu nyingi za haraka. Kwenye injini isiyo na turbo, gasketi ya ekzosi iliyoungua inapiga kelele lakini haikunyang'anyi nguvu kwa kiasi cha kuhisi. Kama 5L au 1HZ yako imechoka mlimani, angalia chujio la hewa, chujio la dizeli, nozeli, kisha kompresheni. Usiruhusu mtu akufungulie manifoldi kwa sababu hiyo peke yake.

Kwenye turbo ni tofauti. Turbo inazungushwa na moshi. Moshi ukitoroka kabla ya kuifikia, inachelewa kuamka, hewa inapungua, dizeli haiungui yote, na nyuma unatoka moshi mweusi. Hata hivyo gasketi si mshukiwa wa kwanza. Fuata mpangilio huu: chujio la hewa lililojaa vumbi; mipira ya hewa ya kwenda na kutoka intakula (kipoza hewa ya turbo) iliyopasuka au klipu zilizolegea; gasketi kati ya manifoldi na hedi, au kati ya manifoldi na turbo; valvu ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi kwenye inteki) iliyoganda wazi kwa masizi; gasketi ya inteki; na mwisho turbo yenyewe. Mipira ya hewa igeuze na kuiminya kwa mkono, maana ufa wake hufunguka ikiwa na presha tu. Pakiwa na unyevu wa oili uliopuliziwa nje kwenye maungio, hapo ndipo hewa inapotoka.

Na maji yakipungua kwenye rejeta, moshi ukiwa mweupe na mzito, gasketi ya manifoldi ya ekzosi haihusiki. Hilo ni suala la gasketi ya silinda hedi, hedi yenye ufa, au kwenye D-4D kipoza cha EGR.

Dalili ya nne: mluzi ukikanyaga mafuta

Mluzi mwembamba unaokuja na turbo na kuondoka nayo mara nyingi ni mpira wa hewa au gasketi ya inteki. Mlio mkavu zaidi, kama mtu anayepuliza kwenye chupa, unatoka upande wa ekzosi. Maji ya sabuni yatakupa jibu. Kama mluzi unabaki na maungio yote ni mazima, shika mhimili wa turbo injini ikiwa imepoa na mpira wa hewa umetolewa: ukicheza kiasi cha pangaboi kugusa ukuta, gasketi isahau, turbo inahitaji mtaalamu.

Dalili ya tano: haipigi kelele

Gasketi ya inteki kwenye injini isiyo na turbo ikivuja, hutasikia kitu. Injini inawaka vizuri, inatembea vizuri, na inakula vumbi. Hewa inavutwa kupitia mwanya bila kupita kwenye chujio, na kwenye barabara za vumbi la kiangazi hiyo ni sawa na kuipaka pistoni msasa. Dalili zinakuja baadaye: injini inapunguza oili, inatoa pumzi nyingi kwenye kifuniko cha oili, na inakuwa ngumu kuwaka asubuhi. Wakati huo ringi zimekwisha.

Ndiyo maana nashauri kila unapofungua chujio la hewa upitishe kidole safi ndani ya bomba baada ya chujio. Kikitoka na vumbi, chanzo cha kawaida ni chujio lisiloketi vizuri au mpira uliopasuka. Gasketi ya inteki inakuja baada ya hayo, hasa kwenye gari ambalo manifoldi iliwahi kufunguliwa kusafisha masizi na gasketi ya zamani ikarudishwa. Tafuta mstari wa vumbi lililoshikana na oili kwenye ukingo wa maungio, kisha thibitisha kwa sabuni.

Dalili ya sita: gasketi mpya imeungua tena

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Omba gasketi ya zamani, usikubali itupwe. Iweke mezani uisome. Mahali palipobanwa vizuri chuma chake kinabaki na duara safi linalong'aa kuzunguka mlango. Palipovuja utaona njia nyeusi imekatiza kutoka ndani ya mlango hadi ukingo wa nje. Njia ikiwa kwenye mlango wa mwisho peke yake, stadi au kupinda. Ikiwa kwenye milango yote kidogo kidogo, haikukazwa sawasawa au uso haukusafishwa. Ikiwa mlango mmoja wa katikati, angalia ufa au shimo lililoliwa kwenye uso wa hedi.

Sababu ninazoziona zikirudi:

Manifoldi haikupimwa. Ilifunguliwa, ikapigwa brashi, ikarudishwa ikiwa imepinda. Nati zikaivuta ikanyooka kwa lazima, na joto la kwanza likaiachia.

Brekiti haikurudishwa. Turbo na bomba la mbele vina vishikizo vinavyobeba uzito wake. Ni kazi ya kuudhi kuvifikia, basi vinaachwa. Uzito wote unabaki unaning'inia kwenye manifoldi, na kila shimo la barabarani linazivuta stadi.

Maunti za injini, raba zinazoibeba, zimekufa. Injini inaruka kila unapowasha na kuzima, bomba la moshi limefungwa kwenye chesi, na mvutano huo unaishia kwenye manifoldi.

Silikoni. Silikoni ya gereji, hata ile nyekundu inayoandikwa ya joto kali, inaishia karibu nyuzi 350. Kwenye mlango wa ekzosi inageuka unga. Kwenye turbo ni mbaya zaidi, kwa kuwa vipande vyake vinapita kwenye pangaboi.

Gasketi iliyokatwa kwa mkono kutoka kwenye karatasi. Ufundi wa kuigonga kwa nyundo kwenye ukingo wa chuma nauheshimu, na kwa kava la thamostati au pampu ya maji unafaa. Kwa ekzosi ya dizeli haufai. Nunua ya chuma yenye tabaka, au ya grafaiti yenye bati ndani, na ifananishe na ya zamani mlango kwa mlango ukiwa bado dukani, iwe Gerezani Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, kabla hujalipa.

Joto kupita kiasi. Pampu imefunguliwa skrubu iongeze dizeli ili gari lipande mlima wa Kitonga na magunia. Silensa imeziba au bomba limegongwa likabonyea. Au gari linapelekwa kuoshwa injini ikiwa ya moto na maji ya baridi yanamwagwa juu ya manifoldi. Hilo la mwisho linaweza kupasua chuma cha kumimina papo hapo.

Kubadilisha

Siku moja kabla, injini ikiwa imepoa, lowesha kila nati kwa mafuta ya kulegeza kutu. Rudia usiku na asubuhi. Subira hii inaokoa stadi kuliko nguvu ya mkono. Toa waya hasi wa betri. Piga picha za kila bomba na waya kabla ya kuvitoa. Kwenye turbo, ziba mara moja matundu ya oili na ya hewa kwa kitambaa safi. Nati ndogo ikidondokea humo, kazi imegeuka kuwa nyingine.

Legeza nati kuanzia pembeni kuja katikati, kila moja nusu duru, halafu zunguka tena. Ukihisi nati inakuwa kama inanyumbuka badala ya kuachia, simama: stadi inajipinda. Irudishe nyuma kidogo, lowesha, jaribu kwenda na kurudi. Moto wa gesi unasaidia, lakini si karibu na mabomba ya dizeli, mpira wa breki au oili ya turbo.

Manifoldi ikishatoka, usiikimbize kwa grenda. Gasketi za magari ya zamani huweza kuwa na asbesto. Zilowanishe, vaa barakoa, kwangua kwa kisu butu au brashi ya waya. Uso wa hedi ukiwa wa alumini, brashi ya waya ya umeme inaula, tumia kikwanguo cha plastiki au mbao. Pachika vitambaa kwenye milango ili uchafu usiingie kwenye silinda.

Kisha kipimo ambacho wengi wanakiruka. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya milango yote ya manifoldi, urefu wake wote na kwa mshazari, na jaribu kupitisha jani la fila geji, kipimo cha mianya. Kikomo rasmi kiko kwenye kitabu cha injini. Usipokuwa nacho, jani la milimita 0.2 likipita mahali popote, ipeleke kwa mkerezaji ainyooshe uso. Bei yake ni ndogo kuliko gasketi ya pili na siku ya pili ya fundi. Hedi nayo ipime hivyohivyo.

Tafuta ufa kwa kupaka dizeli juu ya manifoldi, kuifuta ikauke, kisha kupaka chaki. Dizeli iliyojificha kwenye ufa itachora mstari juu ya chaki. Manifoldi yenye ufa hutengenezeka kwa kuchomelewa na elektrodi za nikeli baada ya kupashwa moto yote na kupozwa polepole. Elektrodi ya kawaida ya mchomeleaji wa mageti itapasua pembeni mwa ulipochomelea. Kama hakuna mtaalamu karibu, tafuta nyingine.

Stadi zote zenye meno yaliyochoka badilisha, na nati zote weka mpya za chuma za kujibana. Usitumie nati zenye nailoni, itayeyuka. Usitumie boliti za duka la vifaa vya ujenzi. Paka meno grisi ya shaba kidogo tu.

Gasketi ya chuma inakaa kavu, bila gundi wala grisi, na upande wake ni mmoja; angalia alama au uinuko wa duara. Rudisha manifoldi, nati zote kwa vidole kwanza, halafu kaza kuanzia katikati kwenda pembeni kwa awamu tatu. Tumia torki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Kwenye Toyota nati ya spana namba 12 hukaa kwenye stadi ya milimita 8, na namba 14 kwenye ya milimita 10. Ya 8 kwa kawaida inakazwa nyutoni mita ishirini na kitu, ya 10 kati ya 40 na 50, lakini namba ya kitabu chako ndiyo ya mwisho. Brekiti zote zirudi, na bati la joto pia, kwa sababu linalinda nyaya na mabomba ya jirani.

Washa bila kukanyaga mafuta. Kwenye turbo iliyofunguliwa bomba la oili, mwaga oili safi kwenye tundu lake la kuingilia kabla ya kuwasha. Moshi kidogo na harufu ya mafuta kuungua juu ya manifoldi dakika za kwanza ni kawaida. Endesha, iache ipoe usiku kucha, kisha pima tena kukaza kwa nati zote, isipokuwa kitabu kikikataza.

Hapa weka spana chini umwite fundi

Stadi imekatika sawa na uso wa hedi. Mtaalamu ataichomelea nati juu yake aitoe, au ataitoboa katikati kabisa na kuweka meno mapya. Ukivunjia ndani chombo cha kung'olea, chuma chake ni kigumu kuliko drili yako, na hedi itabidi itolewe.

Uso wa hedi umeliwa na moshi hadi kuna mfereji unaoshika ukucha.

Turbo inacheza, au oili imejaa kwenye bomba la moshi.

D-4D yenye puf-puf bila masizi kwenye manifoldi, au taa ya injini iliyowaka pamoja na kupungua kwa nguvu.

Masizi yanapuliza kuelekea bomba la dizeli, waya au bomba la breki, na plastiki ya karibu imeanza kulainika. Gari la hali hiyo livutwe hadi gereji, lisiendeshwe, na kizimamoto kiwe karibu hata wakati wa kuliwasha kwa ukaguzi.